Daftari Lisiloguswa na Mchwa

Nyanya ndiye aliyenizuia. Nilikuwa nimeshapiga magoti, mkono umeshika kishikio cha sanduku la bati lililokaa chini ya kitanda chake hapa Wusi, kwenye milima ya Taita, tangu kabla sijazaliwa, akasema kama mtu aliyekumbuka jambo ghafla: "Wewe, ngoja kwanza. Babu yako alitia dawa humo."

"Dawa gani, nyanya?"

"Ile nyeupe, ya mahindi. Kila tukishavuna, ikibaki kidogo, anaichukua anaingia nayo kwa vitabu vyake."

Babu alikuwa katibu: wa kamati ya mfereji, wa kamati ya shule, na wa kila kikao kilichohitaji mtu mwenye mwandiko unaosomeka. Mchwa wa huku hawana huruma na karatasi. Basi akazilinda kumbukumbu zake kwa kile alichokuwa nacho ghalani, na kwa miaka ile hakuna aliyemwambia kwamba kuna ubaya.

Niliachia kishikio, nikanawa mikono, nikampigia simu mama mmoja wa Voi aliyefanya kazi na karatasi kuukuu kwa zaidi ya miaka 30, sasa amestaafu. Wenzake wa kazi humwita Mwalimu, nami nitamwita hivyo hivyo. Nilidhani angeuliza madaftari ni mangapi na ya miaka gani. Aliuliza dawa ilikuwa ya unga au ya maji. Aliuliza ni nani anayelala katika chumba hicho. Kisha akauliza kama sanduku hilo liliwahi kukaa Taveta.

Swali la mwisho lilinishangaza, akanieleza. Kati ya 1955 na 1959, Taveta na upande wa pili wa mpaka, Upare, nyumba zilipuliziwa dawa iitwayo dieldrini katika mradi wa kupambana na malaria uliosimamiwa na wataalamu wa taasisi ya Amani, kule Usambara. Walipuliza kuta na dari ili mbu atuaye afe. Mbu walipungua sana. Lakini dieldrini ni dawa isiyoisha upesi, na kitabu kilichokuwa kwenye rafu siku ya kupuliza hakikuwa na pa kujificha. Wusi iko mbali na Taveta, tena juu mlimani, ila watu huoana, huhama, na masanduku huhama nao. Ndiyo maana Mwalimu huuliza safari za sanduku kabla ya kuuliza yaliyomo.

Sanduku letu lilinunuliwa Voi na halikuwahi kwenda Taveta, nyanya alithibitisha. Mwalimu akaagiza mambo mawili: nyanya ahamie chumba kingine usiku ule ule, na mtu asifagie chini ya kitanda. Vumbi likae lilipo mpaka afike.

Alifika Jumamosi asubuhi, ukungu bado umekaa juu ya msitu wa Chawia. Alikuwa na mifuko miwili, mmoja mweupe na mmoja mweusi, na tangu aliposhuka kwenye pikipiki hadi jioni sikuiona ikigusana. Alimsalimu nyanya kwa Kidawida, wakaulizana habari za watu na za mvua, akanywa chai yake yote akamaliza, akasuuza kikombe. Baada ya hapo, akasema, hatatia kitu chochote mdomoni mpaka kazi ifungwe.

Kazi yenyewe haikuanza. Mwalimu alizunguka nyumba kwanza. Alichomoa uzi kwenye shali yake, akaufunga kwenye kijiti, akakichomeka kwenye nguzo ya baraza ya nyuma, akasimama kuutazama. Uzi ulilala upande wa shamba. Akangoja. Ukainuka kidogo, ukarudi pale pale. Akahamisha meza hatua tatu hivi, ili upepo umpitie mgongoni na kwenda kwenye migomba, usije ukamrudia usoni wala kuingia jikoni. Kuku walifungiwa. Watoto wa jirani wakaambiwa kwa upole kwamba leo baraza hii si yao.

Juu ya meza alitandaza karatasi ya nailoni, na juu yake karatasi nyeupe isiyo na maandishi. Kwa chaki akachora mstari sakafuni. Upande mmoja wa mstari ni wa vitu vichafu, upande wa pili ni wa vitu safi: penseli, daftari lake, simu ya kupigia picha. Mimi nilipewa upande safi. Kazi yangu ingekuwa kuandika na kupiga picha, na kutovuka mstari.

Akavaa. Aproni ndefu yenye mikono, kitambaa kilichofunika nywele zote, kisha glavu mbili mbili, zile za mpira wa buluu ziitwazo nitrili. Katika filamu huwa tunaona watu wa nyaraka wakivaa glavu nyeupe za pamba, na kwa macho zinapendeza, lakini hapa pamba ni hatari. Inanyonya unga na kuuweka karibu na ngozi siku nzima. Tena kidole kilichovishwa pamba hakihisi ukingo wa karatasi, hivyo huirarua. Barakoa yake ilikuwa na vichujio viwili mashavuni, vyenye tabaka la kunasa chembe na tabaka la mkaa maalum wa kunasa mvuke, kwa sababu barakoa ya kawaida huzuia vumbi tu, na baadhi ya dawa hizi hupaa hewani zenyewe bila vumbi. Alifunika vichujio kwa viganja, akavuta pumzi; barakoa ikambana usoni. Akaitikia kwa kichwa kuridhika.

Sanduku lililetwa likiwa limelala vile vile lilivyokuwa, bila kuinamishwa. Alifungua kifuniko upana wa vidole viwili, akaweka kipande cha mti kukizuia, akaondoka. Tulikaa mbali nusu saa nzima tukiangalia uzi wake. Hewa iliyofungiwa miaka yote ile ilipewa muda wake wa kutoka. Nilimuuliza kama angeweza kujua dawa ni ipi kwa kunusa. Vidonge vya nondo vinajitangaza vyenyewe, alisema, havingoji kunuswa. Zilizobaki nyingi hazina harufu ya kukuonya, na pua si chombo cha maabara.

Akanihesabia alizokutana nazo au anazoziwazia kila afunguapo sanduku. DDT, ambayo uwezo wake wa kuua wadudu uligunduliwa na Paul Müller wa Uswisi mwaka 1939, ikampa Tuzo ya Nobel mwaka 1948; watu waliinyunyiza kwenye magodoro, kwenye nywele, kwenye mbegu, na Kenya iliizuia katika kilimo mwaka 1986. Arseniki, ile ile iliyokuwa ikitiwa kwenye majosho ya ng'ombe zamani. Kloridi ya zebaki, ambayo katika hazina nyingi za mimea duniani ilipakwa juu ya majani yaliyokaushwa, ikapenya hadi kwenye karatasi yalipobandikwa. DDT na dieldrini zote zimo katika orodha ya kwanza ya kemikali 12 za Mkataba wa Stockholm wa 2001. Kuna mashine ya mkono inayotumia eksirei, ukiielekeza kwenye jalada inakutajia arseniki au zebaki papo hapo. Lakini kwa DDT inaweza kukuonyesha klorini tu, na klorini inatoka kwenye mambo mengi. Jibu kamili linatoka maabara, linagharimu, linachukua muda. Kwa hiyo Mwalimu ana kanuni yake: karatasi yoyote ambayo historia yake haijulikani huishika kana kwamba ina sumu, na huishika kana kwamba hakuna nakala nyingine duniani.

Kushika hivi na hivi kwa pamoja si rahisi. Anayeogopa sumu hutaka kumaliza haraka, na anayependa karatasi hutaka kuikaribia.

Alifungua kifuniko chote. Tukaona migongo ya madaftari, mengine yamefungwa kwa kamba ya katani. Hakugusa. Aliwasha tochi, akailaza ubavuni mwa sanduku ili mwanga utambae juu ya majalada badala ya kuyapiga kutoka juu. Hapo vitu vikasimama: mikunjo, mchanga, vinyesi vidogo vya mende, na kwenye mifereji ya migongo, mstari mweupe. Akauinamia kwa kioo cha kukuzia huku mkono wa pili uko mgongoni. Weupe una aina zake. Ukungu wa kuvu una nyuzi kama pamba iliyochambuliwa. Unga ulionyunyizwa hulala kwenye mikunjo kama unga wa ugali kwenye pembe za meza. Na DDT iliyokaa miaka mingi huweza kuchomoza juu ya kitu kama sindano ndogo ndogo zinazong'aa. Mstari wetu ulikuwa unga. Lakini pembeni mwa jalada moja kulikuwa na kitu kilichometameta tochi ilipopita, kikazimika, kikametameta tena iliporudi.

"Piga picha hiyo," akasema, "na uandike: safu ya kwanza, kona ya kulia."

Madaftari yalikuwa 23. Ya juu yalitafunwa kingo na wadudu waliopitia bawaba ya sanduku, na jalada moja lilikuwa limebaki kama jani lililoliwa na viwavi. La tisa kutoka juu lilikuwa zima. Kona zake kali, karatasi imenyooka, hata gundi ya mgongo, ambayo wadudu huipenda kuliko wino, haikuwa na alama ya jino. Mimi nilifurahi. Mwalimu alilitazama kwa muda mrefu.

"Hili ndilo la kuogopa. Mchwa wamezunguka pande zote, hili wakaliacha. Wao walijua kitu."

Akaanza na hilo, maana mkono bado ulikuwa mpya na macho hayajachoka. Aliingiza ubao mwembamba chini yake kama mpishi anavyoingiza mwiko chini ya chapati, akalinyanyua limelala vile vile, akaliweka katikati ya karatasi nyeupe. Halikuinama. Hakuna chembe iliyodondoka njiani, na najua kwa sababu aliniambia niitazame ile njia.

Mashine yake ya kuvuta vumbi ni ndogo na haina kelele nyingi. Ina kichujio kinachoitwa HEPA, chenye kunasa chembe ndogo mno. Mashine ya kawaida ya nyumbani huvuta vumbi mbele na kulitema nyuma likiwa laini zaidi, na hapo umeipa sumu mabawa. Nguvu ya kuvuta aliipunguza hadi chini kabisa. Mdomo wa bomba aliuvisha kipande cha soksi ya kike, akakikaza kwa mpira, ili kipande cha karatasi kikikatika kinaswe pale, kisiende tumboni mwa mashine. Kisha akatoa brashi ya manyoya ya mbuzi, laini, pana kama vidole vitatu.

Sasa fikiria mikono miwili. Wa kushoto umeshika bomba, umetulia juu ya karatasi kwa kimo cha sarafu chache, hausogei ila kidogo kidogo. Wa kulia una brashi, nayo haifagii. Inalalia karatasi, inavutwa kutoka kwenye mshono kwenda nje, unga unasukumwa taratibu mpaka ukingoni mwa bomba, unatoweka. Brashi inainuliwa, inarudi kwenye mshono. Tena. Nilihesabu mivuto kwenye ukurasa mmoja: kumi na minne. Hakupuliza hata mara moja, hakung'uta, hakugonga daftari mezani kama tunavyofanya sote tukitoa kitabu stoo. Kitambaa chenye maji hakuruhusu kifike karibu. Maji huyeyusha wino wa kalamu ile ya kuchovya, na hubeba dawa kutoka juu ya karatasi kuipeleka ndani, ambako haitoki tena.

Ukurasa aliugeuza kwa kijiti cha mwanzi alichokichonga mwenyewe, ncha yake bapa na laini. Kinaingia kwenye kona ya juu, kinasubiri hewa itengane, kinatembea chini ya ukurasa mpaka katikati, ndipo unageuka. Anakitumia hata pale ambapo kidole kingetosha.

Kwenye ukurasa wa sita alisimama, akanionyesha kona ya chini kwa kijiti. Ilikuwa na doa la kahawia, umbo la kidole. Ukurasa wa saba, doa. Wa nane, doa. Ni kidole cha babu. Alikuwa akikilamba, kama makarani wote walivyokuwa, kama ninavyofanya mimi nikihesabu noti, kisha anageuza, kisha analamba tena. Dawa kwenye karatasi, karatasi kwenye kidole, kidole kwenye ulimi, miaka na miaka. Mwalimu hakusema neno. Alisafisha doa lile kwa mivuto ile ile kumi na minne, na doa likabaki, maana lilikuwa la babu, si la vumbi.

Hapo nilielewa pia mpaka wa kazi yake. Anaondoa kilicholala juu. Kilichokwisha kuingia kwenye nyuzi za karatasi hakiondoi na hadanganyi mtu kwamba amekiondoa. Daftari lililosafishwa bado ni daftari linaloshukiwa. Tofauti ni kwamba sasa halirushi unga usoni mwa anayelifungua. Ndiyo sababu ya picha. Kila ukurasa uliokwisha niliupiga mara moja, kutoka upande wangu wa mstari, ili kuanzia leo anayetaka kusoma asome picha na karatasi ipumzike.

Glavu za juu alizibadilisha mara nne asubuhi ile. Kila mara alizivua kwa kuzigeuza ndani nje, moja ikimezwa na nyingine, zikaingia mfuko mweusi bila upande mchafu kugusa chochote. Brashi ya kazi hii ina uzi mwekundu kwenye mpini. Haitatumika kwa kazi nyingine tena.

Ilipofika saa saba mchana alikuwa amemaliza daftari moja, la kurasa 96.

Kwa nini mtu ajitaabishe hivi kwa daftari la zamu za maji za kijiji? Nilimuuliza akiwa ameketi mbali na meza, barakoa imevuliwa. Akanikumbusha kwamba mwaka 1939 moto uliteketeza jengo la Sekretarieti ya serikali ya kikoloni Nairobi, na kumbukumbu nyingi zikaenda nalo. Mwaka uliofuata Taita Hills Association, chama cha watu wetu waliokuwa wakipigania ardhi, kikapigwa marufuku pamoja na KCA, chama cha Wakikuyu, na chama cha Wakamba, na karatasi za vyama kama hivyo hazikuwa salama kuwekwa nyumbani. Sheria ya kuanzisha hifadhi ya nyaraka ya taifa ilikuja 1965. Kabla ya hapo na hata baada yake, mengi ya huku milimani yaliandikwa na makatibu wa vijiji, yakawekwa kwenye masanduku ya bati, yakatiwa dawa. Yaliyobaki yamebaki kwa sababu ya dawa hiyo. Mimi nadhani ni haki kusema hivyo bila kumlaumu babu wala kumtetea.

Daftari lilivikwa bahasha ya karatasi isiyo na asidi, kisha mfuko wa plastiki imara. Kwa penseli, kabla ya kulitia, aliandika juu ya bahasha: LINASHUKIWA KUWA NA DAWA YA WADUDU. VAA GLAVU. TUMIA PICHA KWANZA. Akaongeza tarehe na namba, 9 kati ya 23. Lebo ya pili ikawekwa nje. Alisema watu hupoteza mifuko, hivyo onyo lisikae mahali pamoja tu.

Kufunga kazi kulichukua karibu saa nzima. Karatasi nyeupe ilikunjwa kuelekea ndani, kona kwa kona, kama mtu anavyokunja shuka lenye mtoto aliyelala, ikaingia mfuko mweusi. Nailoni ikapanguswa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, nacho kikafuata huko huko. Jirani mmoja aliyekuwa akitazama kutoka ng'ambo ya ua alijitolea kuchoma ule mfuko, shimo la taka liko karibu. Mwalimu alimshukuru, akakataa. Dawa za jamii ya DDT zikichomwa kwenye moto mdogo wa shambani zinaweza kuzaa moshi wenye sumu mbaya kuliko zilivyokuwa, na majivu yatateremkia kwenye mfereji. Mfuko ulifungwa fundo, ukatiwa ndani ya mwingine, ukafungwa tena. Atausafirisha mwenyewe kwa mtu mwenye leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira, ya kushughulikia taka za hatari.

Mwisho aproni, kitambaa cha kichwa, glavu za ndani. Nilimmiminia maji kwa jagi. Alinawa kwa sabuni mpaka viwiko, akasugua chini ya kucha, akaniambia nimimine tena.

Nyanya alikuwa amengoja siku nzima. Aliponiona na simu alisogea, akanyoosha mkono kuelekea meza, kwenye bahasha. Mwalimu akamshika mkono ule kwa mikono yake miwili iliyotoka kuoshwa, akamketisha kwenye kiti cha baraza. Nikafungua picha ya ukurasa wa 31, nikaikuza. Ilikuwa orodha ya zamu za maji, siku na saa, mwandiko wa babu umeinama kulia kama nyasi za mteremkoni. Nyanya alisogeza uso karibu na kioo. Alipita majina ya waliokufa mmoja mmoja kwa sauti ya chini, akafika mstari wa saba, akanyamaza. Jina la saba lilikuwa lake, Alhamisi, kuanzia jua kuchomoza hadi saa nne.

"Saa nne kweli," akasema. "Na alikuwa akinipunja. Ilikuwa mpaka saa tano."

Mwalimu aliomba penseli. Upande safi wa daftari lake akaandika hayo pia, chini ya namba 9, kisha akauliza kama anaweza kurudi Jumanne, upepo ukiwa mtulivu, kwa ajili ya lile la kumi.